Silinda Iliyolala

Msomaji, katika sauti nyingi ambazo mtu wa zama zetu huzisikia kutwa pasipo kuzisikiliza, sauti ya injini ya motokaa ni moja. Hupita mlangoni, hupita dirishani mwa darasa, hutungoja kituoni, nasi hatuijali maadamu inatufikisha tuendako. Injini yenye afya haina maneno mengi. Huvuma kwa pumzi moja kama nyuki mzingani. Lakini siku moja mvumo ule huingiwa na pengo. Ukiketi garini, gari limesimama na injini inazunguka, utahisi kiti kikitikisika kwa kipimo: mapigo matatu, kimya, mapigo matatu, kimya. Ukikanyaga mafuta, gari hujivuta kama mtu aliyeamshwa kabla ya alfajiri. Mafundi wetu wa Kenya husema injini "inamisi", neno walilolichukua kwa Waingereza wakalivisha kanzu ya Kiswahili. Mimi napenda zaidi msemo wa wazee wa gereji, wasemao kwamba silinda moja imelala.

Nataka kukueleza jinsi silinda inavyolala miongoni mwa wenzake, na jinsi fundi mwenye busara anavyoitafuta. Sisemi haya ili uache shule ukashike spana, ingawa ufundi ni kazi ya heshima kama nyingine. Nasema kwa sababu sijaona mahali ambapo tofauti ya kudhani na kujua huonekana waziwazi, kwa jicho, kwa sikio na kwa mfuko, kama chini ya boneti ya gari.

Injini ya petroli ya kawaida ina silinda 4. Ndani ya kila moja mna pistoni ipandayo na kushuka, na kazi yake imegawanyika katika miendo minne. Kwanza pistoni hushuka ikivuta hewa na petroli. Pili hupanda, ikiishindilia hewa ile hata ikabaki katika nafasi ndogo, yapata sehemu moja ya kumi ya ile ya kwanza. Tatu, cheche hutoka katika plagi, mchanganyiko ukawaka, na nguvu ya mwako ikaisukuma pistoni chini. Huu ndio mwendo pekee unaolipa, mingine yote hukopa. Nne, pistoni hupanda tena kuufukuza moshi. Silinda haziwaki pamoja, bali hupokezana. Katika injini nyingi za silinda 4 zamu huanza na ya 1, kisha ya 3, kisha ya 4, kisha ya 2. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya injini. Kwa hiyo injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 25 katika sekunde moja, na zote kwa jumla mara 100. Shika kalamu uihakikishe hesabu hiyo mwenyewe. Ukiisha kuihakikisha hutashangaa kwamba wakati mwingine moja hukosa. Utashangaa kwamba hazikosi kila siku.

Cheche yenyewe ni kitu cha ajabu. Betri ya gari ina volti 12 tu, nazo haziwezi kuruka hata nafasi ya unywele ndani ya hewa iliyoshindiliwa. Kati ya betri na plagi hukaa koili: nyuzi mbili za shaba zilizozungushwa juu ya kiini cha chuma, mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba wenye mizunguko maelfu. Umeme upitao katika uzi mnene ukikatwa ghafula, uzi mwembamba huzaa volti elfu kumi, elfu ishirini, na zaidi ikihitajika. Umeme wenye nguvu hiyo una tabia moja ambayo yafaa uikumbuke mpaka mwisho wa insha hii: hupita njia iliyo rahisi kuliko zote. Ukiona njia ya mkato kando, hautajisumbua kwenda mpaka ncha ya plagi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Charles Kettering wa Marekani alitengeneza mfumo wa betri, koili na kikata-umeme ambao magari ya dunia yaliutumia kwa miaka mingi. Koili ilikuwa moja tu, na chombo kiitwacho distributa kiliigawia kila silinda cheche yake kwa zamu, kupitia waya nene. Peugeot 404, gari lililoshinda mbio za Safari za Afrika ya Mashariki katika mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, lilitumia mfumo wa namna hiyo. Magari mengi ya leo hayana distributa. Kila silinda ina koili yake ndogo iliyokaa juu ya plagi, na kompyuta ndiyo itoayo amri. Zamani koili ikifa gari zima lilisimama njiani. Siku hizi koili moja hufa na gari likaendelea kujikokota, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mwenye gari hujidanganya kwamba hakuna haraka.

Haraka ipo. Petroli iliyokosa kuwaka haipotei hewani tu. Sehemu yake huosha mafuta ya kulainisha katika kuta za silinda, na sehemu nyingine hukimbilia bomba la moshi. Katika magari ya kisasa bomba hilo lina chombo cha kusafisha moshi, chenye madini ya thamani ndani yake. Petroli ile huungua humo, chombo kikapata joto kupita kiasi, na mwishowe kikayeyuka ndani. Bei yake huweza kuwa kubwa kuliko bei ya koili zote za gari kwa pamoja. Ndiyo sababu taa ya injini, ambayo kwa makosa mengine huwaka kwa utulivu, katika kosa hili hupepesa. Taa inayopepesa humwambia dereva apunguze mwendo na atafute msaada leo, si mwisho wa mwezi. Na kuna hatari ya barabarani pia. Dereva atokaye Mai Mahiu kupanda Limuru, akaamua kulipita lori akiitumainia nguvu ambayo injini haina tena, huenda akajikuta katikati ya njia wakati basi linamjia.

Basi, fundi huanzia wapi? Silinda ihitaji mambo matatu ili iwake: hewa yenye petroli kwa kiasi chake, mgandamizo wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Likikosekana moja, silinda hulala, na kwa nje usingizi wote huonekana sawa. Watu wengi huikimbilia cheche kwanza, na mara nyingi hupata. Lakini kupata mara nyingi ndiko kunakowafanya wengine waache kupima.

Swali la kwanza si "kwa nini", bali ni "ipi". Wazee walikuwa na njia nyingi za kulijibu. Walishika karatasi nyepesi mbele ya mdomo wa bomba la moshi: pumzi zikitoka sawasawa karatasi hupeperuka kwa utulivu, pumzi moja ikikosa karatasi hushtuka kwa kipimo kile kile. Pengo lijalo kwa zamu ni ishara ya silinda moja. Pengo lijalo ovyo ni ishara ya jambo linalozigusa zote. Walidondosha matone ya maji juu ya mabomba mafupi yatokayo katika kila silinda, mara tu baada ya kuiwasha injini iliyopoa: matatu huyakausha maji kwa mlio, na la nne huyaacha yatiririke. Tena walichomoa waya za plagi moja baada ya moja. Ukichomoa ya silinda inayofanya kazi, injini hulegea zaidi. Ukichomoa ya silinda iliyolala, hapana kinachobadilika, kwa maana huwezi kumnyang'anya kazi asiyefanya kazi.

Hapa nakuomba, msomaji, usiende kulijaribu jambo hilo la mwisho kwa mkono mtupu. Umeme wa plagi humrusha mtu, na aliye na maradhi ya moyo unaweza kumdhuru vibaya. Katika gari la kisasa hata fundi hapaswi kuiacha koili irushe cheche hewani, maana huweza kuiua koili au kompyuta. Yeye huchomoa kiunganishi kidogo cha nozeli, yaani kile kirushacho petroli katika silinda. Umeme wake ni mdogo, na petroli nayo hukatika isiende kuunguza chombo cha moshi. Wala injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Leo kuna kompyuta pia. Fundi huchomeka kifaa chake chini ya usukani, na kompyuta ya gari humpa namba. P0301 maana yake silinda ya 1 imekosa mwako, P0302 ni ya 2, na kuendelea. P0300 maana yake mwako unakosekana huku na huku. Huenda ukauliza kompyuta imejuaje, nayo haina jicho ndani ya silinda. Imejua kwa njia ile ile ya mzee mwenye karatasi: hupima mwendo wa mhimili wa injini, na kwa kuwa kila mwako huupa mhimili msukumo, pale ambapo msukumo umekosekana mhimili huchelewa kidogo sana, nayo huandika. Lakini angalia mpaka wa ujuzi wake. Imesema nani amelala. Haikusema nini kimemlaza. Kompyuta ni shahidi, na mafundi wengi humfanya shahidi kuwa hakimu. Husoma P0303, wakanunua koili ya silinda ya 3, wakapokea fedha, wakamuaga mwenye gari. Tena hata kuhesabu kwataka uangalifu: katika injini nyingi za mstari mmoja silinda ya 1 ni ile ya upande wa cheni au mkanda, lakini baadhi ya injini za Kifaransa, Peugeot zikiwamo, huhesabiwa kuanzia upande wa klachi. Asiyelijua hilo humtibu mgonjwa wa kitanda kingine.

Nitakusimulia kisa kimoja nilichokishuhudia Nakuru, kwa kuwa ndani yake haikuwapo koili tu. Mama mmoja alikuwa akisambaza mikate madukani kwa gari dogo la silinda 4. Gari likaanza kukosa. Gereji moja ikambadilishia plagi zote 4, hali haikubadilika. Ikasafisha pampu ya petroli. Hali ni ile ile. Kisha ikasoma kompyuta, ikaona silinda ya 3, ikamtilia koili mpya, na gari likapona. Wiki saba baadaye gari lilirudi na pengo lile lile, silinda ile ile. Mwenye gereji alipoichomoa koili aliiona imechafuka, mpira wake umelegea na kuwa mweusi. Akasema koili mpya haiwezi kuwa hivi kwa wiki saba. Akakumbuka kwamba siku ya kutengeneza gari alimwacha kijana mwanagenzi peke yake nalo. Basi hukumu ikawa imekwisha: kijana ameiuza koili mpya, akarudisha kuukuu. Kijana alikana. Hata hivyo akaambiwa mshahara wake wa wiki mbili utazuiwa, na koili ikilipwa aende zake.

Yule mama hakuridhika. Alimjua mzee mmoja fundi, aliyestaafu kazi, jirani yangu. Nami ndiye niliyempeleka mzee huyo gerejini kwa sababu miguu yake imechoka. Hakumsalimu mtu kwa maneno mengi, wala hakuuliza nani ameiba. Aliomba injini iwashwe. Akasimama ameinamisha kichwa kwa muda wa kama dakika mbili, huku kijana amejitenga ukutani, mikono nyuma. Kisha akachomoa viunganishi vya nozeli, kimoja kimoja, akikirudisha kila kimoja kabla ya kukishika kingine. Cha 1, injini ikalegea. Cha 2, ikalegea. Cha 3, haikujua kwamba imeguswa. Cha 4, ikalegea.

"Ya tatu imelala," akasema. "Sasa tuione koili."

Hakuitupa ile koili iliyoshitakiwa. Aliitia katika silinda ya 2, na ya silinda ya 2 akaihamishia ya 3. Hakugusa kitu kingine chochote. Akafuta namba katika kompyuta, akawasha injini, akangoja. Namba ikarudi: P0302. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili. Angalia uzuri wa njia hii, msomaji: haihitaji kifaa cha thamani wala koili mpya, huhitaji kubadilisha kitu kimoja tu, na kutazama kama ugonjwa utakifuata au utabaki nyuma. Mtu abadilishaye vitu vitatu kwa pamoja huenda akaliponya gari, lakini hatajua amelitibu nini.

"Si nilisema, mzee?" akasema mwenye gereji. "Koili ni kuukuu."

"Koili imekufa, hilo tumelijua," mzee akajibu. "Kwamba ni kuukuu, hatujalijua bado. Wala hatujajua kilichoiua. Mama, kile kisanduku cha koili unacho?"

Mama alikuwa nacho garini, pamoja na risiti. Mzee akaifuta koili kwa kitambaa hata jina la kiwanda likasomeka, akalilinganisha na lile la kisandukuni. Yalikuwa jina moja. Kisha akazitazama koili tatu nyingine: zote zilikuwa na jina la kiwanda kilichounda gari, maana hazijabadilishwa tangu gari lilipotoka huko. Kama kijana angalirudisha koili ya zamani, ingalikuwa na jina la wenzake. Mwenye gereji hakuwa mjinga. Akasema kwamba kijana angeweza kutafuta mahali pengine koili mbovu ya jina lile. Mzee akakubali kwamba angeweza. Hakuudharau wasiwasi huo, aliuchukua akaupima.

Alifunga kitambaa cheupe kwenye bisibisi ndefu, akaishusha katika kisima ambamo plagi ya 3 imekaa. Ilitoka imelowa mafuta ya injini. Kisima cha 1 kilikuwa kikavu, cha 2 kikavu, cha 4 kikavu. Akapima kwa kijiti urefu wa alama ya mafuta katika ukuta wa kisima, kisha akakiweka kijiti kile kando ya mpira wa koili. Mpira ulikuwa umelainika na kuvimba toka chini mpaka kimo kile kile cha kijiti, na juu ya hapo ulikuwa mgumu na safi kama wa dukani. Koili ile ilikuwa imechovywa katika kisima kile, si kwingine. Chini kabisa palikuwa na mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa kalamu ya risasi, ukitoka ndani ya mpira kwenda nje. Hiyo ndiyo njia ya mkato niliyokuomba uikumbuke. Cheche ilikuwa imeacha kwenda kwenye ncha ya plagi. Ilipenya mpira uliooza ikarukia ukuta wa chuma.

Mafuta yenyewe hayapitishi umeme kwa urahisi, na wako mafundi wanaojibu kwa sababu hiyo kwamba hayana dhara. Dhara lake ni la polepole: hulainisha mpira, huukusanyia uchafu, na umeme ukishachora mstari mmoja wa kaa, mstari huo huwa barabara yake ya kila siku. Yalikuwa yakitoka juu, kwenye kifuniko cha vali, ambako pete ya mpira izungukayo kisima cha 3 ilikuwa imekauka na kupasuka. Koili ya kwanza iliuawa nayo. Ya pili iliuawa nayo. Ya tatu ingalifuata, na labda pamoja nayo mwanagenzi mwingine.

Mzee alimwita kijana akamwambia, "Njoo, mwanangu, ufungue kifuniko wewe mwenyewe." Kijana akakifungua. Walikausha kisima kabla ya kuing'oa plagi, ili mafuta na uchafu visianguke ndani ya silinda. Wakatia gasketi mpya ya kifuniko na pete mpya za visima vyote, plagi mpya katika silinda ya 3, na koili mpya. Gasketi na pete zile ndizo zilizokuwa rahisi kuliko vyote vilivyonunuliwa tangu shauri hili lilipoanza. Kijana alilipwa mshahara wake siku ile ile. Maneno ya kumwomba radhi sikuyasikia, ingawa niliona mwenye gereji akimpa funguo za sanduku la spana, ambazo siku zile mbili zilikuwa mfukoni mwake mwenyewe.

Lakini tuseme ugonjwa haukuhama na koili. Hapo koili imeachiliwa huru, na fundi huihamisha plagi. Plagi ni kitu cha kusoma kama barua. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, silinda yake ina afya. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, imepata petroli nyingi au cheche dhaifu. Ikiwa imelowa mafuta meusi, ringi za pistoni au mipira ya vali imechoka. Ikiwa nyeupe na yenye malengelenge, imepata joto lililozidi. Kaure yake ikiwa na ufa, hata ufa usioonekana ila kwa kuigeuza juani, cheche hupotelea humo. Nafasi ya ncha zake nayo hupimwa. Katika magari ya zamani ilikuwa yapata milimita 0.7, katika mengi ya leo hufikia 1.1, na kipimo cha haki ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha gari lenyewe.

Plagi nayo ikiwa haina hatia, huhamishwa nozeli. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hushukiwa mara nyingi nchini mwetu, na si bure, maana katika mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilitoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji. Lakini petroli mbaya huzisumbua silinda zote, haichagui ya tatu peke yake. Na ikiwa nozeli pia ni nzima, limebaki jambo ambalo hapana anayependa kulisikia, yaani mgandamizo. Fundi huping'oa plagi, akafunga kipimo mahali pake, akaizungusha injini kwa stata. Silinda moja ikiwa pungufu mno, humimina ndani yake kijiko cha mafuta ya injini akapima tena. Kipimo kikipanda, ringi ndizo zivujazo, kwa kuwa mafuta yameziba pengo lao kwa muda. Kisipopanda, vali haifungi, au gasketi ya kichwa imeungua. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa pungufu kwa pamoja, aghalabu gasketi imekatika katikati yao.

Kuna cheche dhaifu ambayo hujificha. Hewa ikishindiliwa zaidi, umeme huhitaji nguvu zaidi ili kuruka. Kwa hiyo koili iliyoanza kuchoka huweza kufanya kazi vizuri gari likiwa limesimama, ikashindwa mlimani dereva akikanyaga mafuta mpaka chini. Msukumo wa hewa ya Nairobi ni pungufu ya ule wa Mombasa kwa takriban sehemu moja katika sita, na koili dhaifu isiyolalamika Nairobi yaweza kuanza kulalamika ikishuka pwani, ambako hewa ni nzito na unyevu wake unasaidia umeme kutoroka. Katika gari kuukuu lenye waya nene, fungua boneti usiku penye giza, nyunyiza maji kidogo kama umande juu ya waya injini ikizunguka, nawe usiguse kitu. Utaona nyuzi za buluu zikicheza mahali umeme unapovuja.

Kwa sababu hiyo mzee hakukubali gari la mikate lirudishwe kwa mama kwa kuwa tu lilinguruma vizuri uani. Alifuta namba katika kompyuta, akamweka kijana kwenye usukani, akakaa kando yake, nami nikakaa nyuma kwenye harufu ya mikate. Tukaenda mpaka Salgaa, injini ikapata joto lake, kisha tukaanza kupanda kuelekea Mau Summit. Mzee akamwambia kijana asibadilishe gia mapema, akanyage, aiache injini ifanye kazi nzito. Taa haikuwaka. Mahali palipoinuka zaidi mzee alifungua dirisha, akatoa kichwa kidogo kusikiliza, akakirudisha, akasema tugeuke, maana mikate ya jioni ilikuwa inangoja.